Bao la kete au drafti, marumaru au shanga: pambo lipi la mozaiki likufae

Mezani kwangu wiki hii yamelala mabao mawili. Moja ni la kete, la mninga, mashimo 32, limeshachimbwa mfereji kuzunguka ukingo na linasubiri vipande. Jingine ni la drafti, miraba 64, nusu yake imeshabandikwa. Mwenye oda ni mama mmoja wa hapa Dodoma anayemwandalia baba yake zawadi ya kustaafu, na alipokuja kuangalia kazi hakuwa ameamua ampe lipi. "Dada, wewe yapambe tu yote," aliniambia, "litakalopendeza zaidi ndilo la baba." Nilimwomba akae kidogo. Tulizungumza saa nzima, na kwa kuwa mazungumzo hayo huwa nayafanya na karibu kila mteja, nimeona bora niyaandike.

Kazi yangu ni mozaiki. Nakata marumaru, kioo na vigae vya udongo, navipanga kimoja kimoja mpaka vitoe sura, halafu najaza nafasi za katikati kwa grauti. Watu huja na maswali matatu yakiwa yamefungwa kamba moja: mchezo upi, vipande vya nini, alama ipi. Wengi huanza na alama. Ukianza hapo utajikuta umenunua picha nzuri isiyochezeka, maana mchezo ndio unaosema vipande vikae wapi na alama ipate nafasi kiasi gani.

Bao la kete na ubao wa drafti

Drafti ni mozaiki hata kabla sijaigusa. Miraba 64, giza na mwanga vikipishana, na mchezo wenyewe unakwenda kwenye miraba 32 ya rangi moja tu. Marumaru hukatika kwa mraba kwa urahisi, kwa hiyo fundi anayeanza anaweza kutoa ubao mzuri wa drafti kwa siku tatu akiwa na rula, kikata marumaru na subira. Anayetaka kujitengenezea mwenyewe nyumbani, namshauri aanzie hapa bila kusita.

Ugumu wa drafti uko kwenye usawa. Huku kwetu inachezwa kwa vizibo vya soda, huyu 12 vimetazama juu na yule 12 vimetazama chini. Kizibo kilichogeuzwa kina meno, na mchezaji hakinyanyui. Anakisukuma, na akila anakipiga kwa kishindo. Ungio lililozama hata milimita moja linashika yale meno. Kizibo kinakwama, kidole kinakisukuma kwa nguvu, kinaruka kwenda mraba usio wake, na hapo ubishi unaanza. Ndiyo maana kwenye drafti grauti yangu naijaza mpaka ilingane na uso wa vipande, nikipitisha kadi ngumu juu yake mara tatu au nne, ilhali kwenye picha ya ukutani ningeiacha izame kidogo ili vipande vitokeze.

Kuhusu alama, drafti ni bahili. Uso wote ni uwanja. Kinachobaki ni ukingo mwembamba, na ukijaribu kuchora twiga katikati ya miraba, wachezaji hawatajua tena wako mraba gani.

Bao la kete ni kinyume chake kabisa. Uwanja uko ndani ya mashimo, safu nne za mashimo manane, na sehemu kubwa ya mbao iliyobaki ni tambarare isiyotumika. Mabao yangu huwa sentimita 75 kwa 40. Ukitoa eneo la mashimo, unabakiwa na ukingo wa karibu sentimita 6 kila upande mrefu na 8 kila kichwa. Hiyo ni nafasi ya kusimulia jambo. Tena kuna ule mstari wa katikati, kati ya safu ya ndani ya huyu na safu ya ndani ya yule, ambao ni mpaka wa kweli wa mchezo. Halafu kuna nyumba, lile shimo la mraba ambalo mchezo unaanza likiwa na kete sita, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kuliani kwake, wakati kete 22 zikiwa bado mkononi za kunamulia, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Kuizungushia nyumba fremu ya vipande vyekundu ni pambo lenye kazi. Mgeni anayejifunza anaiona mara moja, na mzee anaipata hata taa ikififia.

Lakini mashimo yenyewe usiyaguse. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuyagusa. Bao langu la tatu nililitandika kioo ndani ya kila shimo, rangi mbalimbali, linameta kama zabibu zilizooshwa. Nikalipeleka kijiweni kwa wazee wa mtaani kwetu. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, wakakaa wawili kulijaribu. Baada ya mitaji michache, yaani zamu za kula kete, mmoja akasimamisha mkono hewani, akainama, akachota kete za shimo moja na kuzihesabu kiganjani. Mcheza bao hahesabu kiganjani. Anatupa jicho tu, anajua tano, anajua tisa, na kabla hajazishika ameshaona zitaishia wapi. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "macho yangu yanaona kioo, hayaoni kete." Kete zake zilikuwa komwe za kweli, zile mbegu za kijivu zinazong'aa kwa kushikwa miaka mingi, na juu ya kioo changu zilikuwa zimepotea. Zaidi ya hapo zilikuwa zinaruka. Mbao hupokea kete na kuituliza. Kioo hulia na kuirudisha juu. Wakati ule wanacheza, kete moja ilihamia shimo la jirani bila mtu kuipeleka, na mchezo ukavunjika.

Tangu siku ile ndani ya shimo naacha mbao tupu, nimeipiga msasa mpaka laini na kuipaka mafuta. Hata kwenye nafasi nyembamba kati ya shimo na shimo siweki kipande, kwa sababu vifundo vya vidole hupita hapo kila mkono unapochota.

Watu wengine huniambia mozaiki na mchezo wa jadi ni ndoa ya kulazimisha, kwamba bao linapaswa kuchongwa tu. Naheshimu mchongo, lakini ndoa hii ni ya zamani kuliko wanavyodhani. Huko Ur, kusini mwa Iraki, mwanaakiolojia Leonard Woolley alifukua kwenye makaburi ya kifalme, katika miaka ya 1920, mabao ya mchezo yenye umri wa karibu miaka 4,500. Moja liko leo British Museum, London. Lina miraba 20 iliyopambwa kwa vipande vya kombe la baharini, jiwe jekundu la chokaa na jiwe la buluu la lapisi lazuli, vilivyogandishwa kwa lami. Mbao ilikuwa imeshaoza ardhini. Vipande ndivyo vilivyohifadhi sura ya bao. Na miraba mitano kati ya hiyo 20 ina ua. Fundi yule hakutawanya maua kila mahali. Na hapa nyumbani, kwenye magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mkono wa Mswahili umeshika vyombo na kuvipachika kwenye chokaa karne nyingi kabla yangu.

Kwa hiyo: kama aliyekusudiwa anacheza bao, mpe bao, na pambo likae ukingoni, kwenye mpaka na kwenye nyumba. Kama ni zawadi ya saluni, ya ofisi, ya vijana wa kijiweni, au ya nyumba ambayo hakuna anayejua kunamua, mpe drafti na usione umemshusha hadhi. Nimeona mabao ya kete mazuri yamegeuzwa sinia la funguo na risiti sebuleni kwa sababu hakuna mtu wa kuyacheza, na yananiuma kama ng'ombe aliyefungwa siku nzima zizini.

Vipande: vya nini?

Marumaru ndiyo naitumia zaidi, na sababu ya kwanza ni kwamba inapatikana bure. Tangu serikali ihamie huku, ujenzi Dodoma hausimami, na kila nyumba inayomalizwa inaacha ndoo mbili tatu za vipande vilivyovunjika. Ukimsalimia fundi tailizi vizuri atakuwekea. Chagua marumaru ya ukutani na uiache ya sakafuni. Ya ukutani ina mwili laini, koleo linaing'ata na kuivunja pale unapotaka. Ya sakafuni, hasa ile inayong'aa kama kioo, inaumiza mkono na kuvunjika inavyotaka yenyewe. Rangi ndiyo kasoro yake. Utapata maziwa, kijivu na kahawia za kila aina, lakini nyekundu nzuri au buluu iliyoiva unaweza kuitafuta miezi miwili.

Ubaya mwingine ni unene na uzito. Marumaru ya ukutani ina milimita 6 au 7. Ukiibandika juu ya mbao bila kuchimba, ukingo unapanda na kuikwaruza mikono ya wachezaji, kwa hiyo lazima seremala achimbe mfereji wa milimita 8 kwa patasi, marumaru ikae ndani na gundi yake, ilingane na mbao. Na ukijaza ukingo wote wa bao la vipimo vyangu, umeongeza karibu kilo 2. Kwa bao linalokaa barazani si neno. Kwa mzee anayelibeba kwapani kila jioni kwenda kwa mwenzake, ni mzigo.

Kioo ni chepesi kuliko marumaru na kina uhai ambao marumaru haina. Cha dirisha chenye milimita 4 hakina rangi, kwa hiyo nakipaka rangi nyuma, au nabandika juu ya karatasi iliyochorwa. Ninachopenda zaidi ni chupa. Chupa za kijani za mvinyo wa Dodoma, nikizivunja ndani ya gunia na kuzikata vipande vya sentimita moja, zinanipa jani la mzabibu kwa kioo cha mzabibu wenyewe. Vikatwe vidogo hivyo kwa sababu chupa ina mviringo. Kipande kikubwa kinabaki na mgongo, kidogo hulala. Kila kipande nakisugua kingo zote nne kwa jiwe lenye maji kabla hakijafika mezani. Mtu asiye na muda wa kusugua asitumie kioo kwenye kitu kitakachoshikwa. Na nyumba yenye watoto wanaotambaa, mimi mwenyewe namwambia mteja tuweke marumaru.

Shanga huombwa sana na akina mama, na naelewa kwa nini. Aliyewaona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma imebanwa mapajani na shanga zinacheza shingoni na kichwani, hawezi kuzitenganisha shanga na furaha. Tena hazihitaji kukatwa, ni nyembamba, na rangi zake zipo zote. Lakini tupige hesabu. Shanga za milimita 2.5 zinaingia 16 kwenye sentimita moja ya mraba. Ukingo wote wa bao ni karibu sentimita za mraba 1,350. Hizo ni zaidi ya shanga 21,000, na kila moja inahitaji kulala ubavu ule ule. Nilifanya hivyo mara moja, nikiwa mchanga katika kazi, na sitarudia kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipa. Shanga zitumie kwa mistari: nazitunga kwanza kwenye uzi, naulaza uzi juu ya gundi, naunyoosha kwa ncha ya sindano, na gundi ikianza kushika nauvuta uzi utoke. Mstari mmoja mweupe wa shanga kuzunguka nyumba unatosha kulibadilisha bao zima. Hakikisha tu ni shanga za kioo. Za plastiki zikikaa juani chini ya jua letu zinapauka.

Vigae vya vyungu vilivyovunjika sitavisemea mengi. Ni laini, vinanyonya maji, na lazima vipakwe dawa ya kuziba kabla ya grauti au vitapata doa. Lakini vina wekundu ambao hakuna kiwanda kinachoutoa, na wekundu huo tutauhitaji sasa hivi.

Alama: Kolo, tembe na zabibu

Hapa ndipo watu hupata shauku, na ndipo namwomba mteja atulie. Swali langu ni moja tu kwake: mgeni akikaa mbele ya bao hili na kuuliza "hii ni nini?", nani nyumbani atamjibu?

Ombi la kwanza huwa michoro ya Kondoa. Na ni haki yake kuwa la kwanza. Kaskazini mwa Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Arusha, milima ya Kolo, wilayani Kondoa, na jirani zake ina mapango na miamba iliyochorwa kwa mamia ya vizazi. Tangu mwaka 2006 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Michoro ya zamani ni ya rangi nyekundu: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, twiga, pofu, tembo. Ya baadaye ni ya rangi nyeupe, mizito zaidi, imepakwa kwa kidole. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na wanakijiji walikuwa wanaijua muda wote.

Kwa fundi wa mozaiki tofauti ya nyekundu na nyeupe ni tofauti ya kazi mbili. Mchoro mwekundu ni mstari mwembamba kama unywele. Mtu mrefu wa Kolo nikimtengeneza kwa vipande vya sentimita moja anageuka roboti. Nahitaji vipande vya milimita 3 au 4, vilivyopasuliwa kuwa virefu, kila kimoja kikifuata mwelekeo wa mwili: shingo ya twiga inapopinda, vipande navyo vipinde, visikatishe njia. Hapo ndipo wekundu wa vigae vya vyungu unaponiokoa, kwa sababu ule wa miambani unatokana na udongo wenye chuma, na chungu kina ukoo huo huo. Twiga mmoja wa sentimita 12 kichwani mwa bao ananichukua siku mbili. Mchoro mweupe unavumilia vipande vikubwa vya marumaru, na kwa ukingo mpana unapendeza. Kwa hiyo anayetaka Kondoa kwa haraka na bei nafuu, achukue nyeupe. Anayetaka nyekundu ajue analipia muda.

Kuna la kuheshimu pia. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo, bado ni mahali watu wanapokwenda kuomba, wanapofanya matambiko ya mvua na uponyaji. Mimi sinakili mchoro wa pale mstari kwa mstari ili ukae chini ya vikombe vya kahawa. Nachukua namna ya kuchora, ule urefu, ule wembamba, natengeneza twiga wangu. Na mteja aliyeniletea kokoto mbili kutoka milimani "ili bao liwe na asili" nilimwomba azirudishe alipozitoa. Kutoka kule usichukue hata punje.

Alama za Ugogo ni rafiki zaidi wa mozaiki, na nadhani watu hawazitendei haki. Chukua ngoma ya muheme. Imebanwa katikati, imepanuka juu na chini: ni pembetatu mbili zilizogusana ncha. Hiyo ni kata mbili tu za koleo. Zipange mfululizo ukingoni, nyeusi na maziwa zikipishana, na unapata mdundo unaoonekana kwa macho, mtu akiukumbuka utamrudia masikioni. Tembe nayo, ile nyumba yetu ndefu ya dari tambarare ya udongo, ni mstatili. Inakaa vizuri kwenye pembe nne za drafti, kila pembe na tembe yake, kama boma lililozunguka zizi. Zeze na ilimba, vyombo ambavyo marehemu Hukwe Zawose alivipeleka kwenye majukwaa ya dunia, vina umbo linalotambulika mara moja: ilimba ni sanduku na safu ya funguo, na funguo za ilimba zikipangwa kwa vipande vyembamba vya kioo zinang'aa kama chuma chenyewe. Mbuyu unakubali marumaru ya kijivu ya aina zote ulizoshindwa kutumia kwingine. Alama hizi zina mtu wa kuzieleza karibu kila nyumba ya hapa. Bibi wa nyumba akiulizwa muheme ni nini, ataweka kahawa chini.

Kwa wageni waliohamia na wizara, wanaotaka kumbukumbu ya mji bila kujifanya wenyeji, kuna njia ya tatu. Zabibu ni moja, na Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ni alama ya neema ambayo mtu yeyote anaielewa. Nyingine ni tembo wa Idodomya, yule anayesimuliwa kuwa alizama kwenye matope mtoni, jina la mji likazaliwa hapo. Mama mmoja mtumishi wa serikali aliniomba nimweke tembo yule kwenye mpaka wa bao, nusu yake upande huu na nusu upande ule, amezama katikati. Nilibandika mgongo na mkonga tu vikitokeza juu ya mstari. Ni mojawapo ya kazi ninazozipenda sana, na ilitumia vipande visivyozidi 90. Nembo ya taifa siweki. Ina sheria yake.

Kama ni lazima nichague mimi, bao la kete nalivalisha Ugogo au tembo, na michoro ya namna ya Kondoa naipa kichwa kimoja tu, si vyote viwili. Drafti naipa pembe za tembe basi. Alama tatu tofauti kwenye bao moja zinagombana, na mteja anayeniambia "weka kila kitu" huwa namwonyesha kwa kuzipanga kavu juu ya mbao, bila gundi. Akitazama mwenyewe anaanza kuondoa.

Mbao, grauti na hewa ya huku

Hili ni fupi lakini limeniumiza mfuko. Mbao iliyoletwa kutoka sehemu ya unyevu, ikafika Dodoma mwezi wa sita, inaanza kukauka na kusinyaa kwa upana. Vipande na grauti havisinyai. Niliwahi kumkabidhi mtu bao mwezi wa saba likiwa safi. Mwezi wa tisa likarudi na ufa mwembamba umepita ukingo mzima, na pembetatu tano zimeinuka. Nililifanya upya bila malipo. Sasa mbao nailaza ndani ya karakana miezi mitatu kabla ya kuichimba, na kwa drafti, ambayo imefunikwa yote, natumia plaiwudi nene ambayo haichezi kama mbao nzima. Mwishoni mwa mfereji, vipande vinapokutana na mbao, siweki grauti. Naweka silikoni ya rangi inayofanana, iachie mbao nafasi ya kupumua.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa bao la ndani. La barazani, linaloweza kunyeshewa mvua za Desemba, linataka epoksi. Na grauti nyeupe sahau. Vumbi letu litaifanya nyekundu ndani ya mwezi, tena kwa madoa. Changanya rangi mwanzoni, uifanye kahawia ya udongo, na vumbi likija litakuta ndugu yake.

Simu kwa baba

Yule mama wa oda, tulipofika hapa, alitoa simu akampigia baba yake, akamuuliza kama mtu anayeuliza habari tu: siku hizi jioni anacheza nini? Sauti ya mzee ilisikika mpaka nilipokaa. Anacheza bao, alilianza Mpwapwa akiwa kijana, drafti anawaachia wajukuu. Na kete zake ni zile zile, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, asizichezee mtu.

Kwa hiyo bao la mninga ni la mzee. Ukingoni zitakaa pembetatu za muheme, kwa ajili ya marehemu mkewe aliyekuwa akipiga ngoma hiyo, nyumba zote mbili zitazungushiwa mstari mweupe wa shanga, na mashimo yatabaki mbao. Drafti inakwenda saluni kwa binti. Jumamosi yule mama ataniletea lile kopo kwa siri. Nataka nizimwage zile kete 64 ubaoni kabla sijabandika kipande cha kwanza, nizione rangi yake juu ya mninga, na nipime kama mkono ukizichota utafika ukingoni.